Neno la Asubuhi Lilivyoniponza

Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 34, na katika miaka hiyo nimewanyima watoto wengi raha kwa sababu ya tarakimu moja. Mtoto anaandika 31 mahali pa 3, namwita mbele, namuuliza, "Hii moja umeiokota wapi? Njiani?" Darasa zima linaangua kicheko. Wanafunzi wangu wa zamani, popote mlipo, someni hii taratibu. Mmelipiziwa.

Siku hizi nimestaafu. Niko Machame, Kilimanjaro, kwenye kihamba alichoniachia baba yangu, na migomba, na miti michache ya kahawa, na mama watoto. Watoto wenyewe wanne wametawanyika. Mkubwa yuko Mwanza, wa pili Arusha, wa tatu kaolewa Dodoma, na kitinda mimba yuko Dar, Kimara. Wote walipata kipaimara hapa hapa usharikani, tena wa tatu alikariri Katekisimo mpaka mchungaji akamwambia inatosha. Lakini mtoto akishaondoka kijijini, kanisa linageuka kuwa kitu cha Krismasi na harusi. Nikiwapigia simu Jumapili saa 4 asubuhi nasikia sauti ya mtu aliyelala, anajikohoza ili aonekane yuko macho.

Ndipo nikaanzisha Neno la Asubuhi kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila siku saa 11 alfajiri, jogoo wangu na mimi, nani atawahi. Na nilikuwa na ujanja wangu wa kiualimu. Sikuandika mstari wenyewe, niliandika kitabu, sura na aya basi. Ukimwandikia mtu mstari mzima ataupita kama tangazo la msiba wa mtu asiyemjua. Ukimpa namba tu, itabidi aifungue Biblia mwenyewe. Ndivyo nilivyoamini. Majibu yalikuwa yanakuja vizuri: "Amina Baba", "Ubarikiwe Baba", na ile mikono miwili ya njano iliyokutanishwa. Nikawa natembea kijijini kifua mbele.

Mwezi wa 11 yule wa mwisho akapunguzwa kazi. Kampuni ilipunguza watu, naye akawa mmojawapo. Mama yake alilia siku mbili. Mimi sikulia, mimi nilitafuta andiko. Nikalipata lile la Mithali 3:6, "Katika njia zako zote mkiri yeye, naye atayanyosha mapito yako." Nani asiyelijua hilo? Limebandikwa kwenye kalenda, kwenye vitenge vya kina mama, hadi nyuma ya daladala.

Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika na miwani niliisahau sebuleni, juu ya redio. Kuifuata ni kumwamsha mama watoto, na mama watoto akiamshwa saa 11 bila sababu ya msiba, siku yote inakuwa na msiba. Nikaandika hivyo hivyo gizani, kidole gumba changu kikifunika tarakimu tatu kwa mpigo. Nikatuma:

"Mithali 31:6. Mwanangu, hili ndilo neno lako katika kipindi hiki. Usilisome tu, LIFANYIE KAZI. Baba yako nimelifanyia kazi miaka 40 na halijawahi kuniangusha."

Mkubwa akajibu, "Amina Baba. Neno zito." Wa Arusha, mikono mitatu ya njano. Wa Dodoma, "Nimelipokea." Mumewe naye, ambaye kwa kawaida hafungui mdomo kwenye kundi hilo, akaandika, "Baba mkwe, leo umenigusa mimi kabisa."

Kitinda mimba kimya mpaka jioni. Ndipo akaniandikia pembeni.

"Baba, nimelisoma mara tatu. Una uhakika?"

Nikafurahi! Huyu kweli amefungua Biblia. Nikamjibu, "Uhakika asilimia 100."

"Na Mama anajua?"

"Mama yako ndiye aliyenionyesha, kabla hatujaoana."

Kimya kidogo. Halafu, "Sikuwahi kufikiri, Baba. Asante kwa kuwa muwazi. Naanza leo."

"Anza leo. Na usiache ukishafanikiwa, kama wenzako wanavyofanya."

Nikaiweka simu chini nikamwambia mama watoto, Roho anafanya kazi Kimara.

Na kazi ilifanyika. Baada ya wiki tatu kijana akapiga simu, amepata kazi bandarini, kwa wakala wa mizigo, mshahara unazidi ule wa zamani. Nikamuuliza imekuwaje, akasema, "Ni lile neno lako, Baba. Nitakuja kutoa ushuhuda Krismasi." Mimi huyo nikaenda kumsimulia mwinjilisti. Nikamsimulia na mzee wa kanisa mwenzangu, na muuza nyama. Ndiyo, na mimi ni mzee wa kanisa, sikuwa nimelisema hilo. Nilikuwa natafuta mahali pa kulificha.

Sasa ili mnielewe lazima niseme jambo kuhusu huku kwetu. Wamisionari Walutheri waliingia Machame mwaka 1893. Mbege, pombe yetu ya ndizi, waliikuta imeshakaa, tena kwenye kiti kizuri. Miaka yote hii kanisa na mbege vimeishi kama mawifi, vinasalimiana barabarani lakini haviachiani watoto. Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, anaipika mwenyewe, ndizi zake, ulezi wake, msesewe wake wa kutia uchungu, na anaionja sana kabla haijaiva na baada ya kuiva. Mwaka huo huo sisi wazee wa kanisa tulimwita. Msemaji nilikuwa mimi. Nilisema kwa dakika 40, na mzee akasikiliza kofia ikiwa mapajani, akasema "Nimesikia, Mwalimu," akaenda zake.

Krismasi wakaja wote na magari yao na watoto wao, nyumba ikajaa. Tarehe 27 jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Viti vya plastiki tuliazima nyumba tatu. Mtori ulikuwa jikoni kwenye sufuria la msiba. Mwinjilisti alikuja, kina mama wote walikuja, na yule mzee jirani alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango, kofia mapajani.

Tukaimba, tukaomba, kikafika kipindi cha shuhuda. Kitinda mimba akasimama na shati jeupe. Mama yake akaanza kulia kabla hajasema kitu.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi nilipoteza kazi mwezi wa 11. Nilikuwa na uchungu. Baba yangu akanitumia neno, akaniambia nisilisome tu, nilifanyie kazi. Nikalifanyia kazi jioni ile ile."

"Amina!"

"Nikalifanyia kazi kila jioni. Siku ya tisa, nikiwa hapo ninapolifanyia kazi, akaja mtu akakaa meza ya jirani, tukaongea, na huyo mtu ndiye bosi wangu leo!"

Vigelegele. Mimi nimeshasimama nusu, natikisa kichwa kwa unyenyekevu wa kujifanya. Hilo neno "meza" lilinipitia sikioni likatoka. Ningelidaka, pengine ningewahi kuanguka na kuzimia.

Mwinjilisti akainua mkono. "Ndugu zangu, tusiliache hili lipite. Mwalimu, ni neno gani?"

"Mithali ya 3, ya 6," nikasema kwa sauti ya darasani.

"Hapana, Baba," kijana akasema kwa upole. "Thelathini na moja."

"Ya tatu."

"Baba, ninalo hapa."

Mjukuu wangu wa darasa la sita alikuwa ameshalifungua kwenye simu. Huyu mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma kwa kutoa sauti, asimame wima, asimezemeze maneno. Akasimama wima. Hakumezameza. Alisoma yote, kwamba kileo apewe aliye karibu na kupotea, na mvinyo apewe mwenye uchungu nafsini, kisha akaendelea na aya ya 7 bila kuombwa: "Anywe akausahau umaskini wake, asiikumbuke tena taabu yake."

Akasema, "Hapo ndipo mwisho wa somo," akakaa.

Niliusikia mtori ukichemka huko jikoni. Niligeuka kumtazama mkubwa wangu wa "neno zito", anatazama viatu vyake. Mkwe wa Dodoma alikuwa ametoka nje kupokea simu ambayo haikuita.

Mwinjilisti, Mungu ambariki, akajaribu kuniokoa. Akasema neno lisomwe kuanzia juu, kwamba aya ya 4 inasema mvinyo haiwafai wafalme.

Sauti ikatoka karibu na mlango. "Mwinjilisti, mimi si mfalme."

Kina mama wakaanza kutikisika mabega. Mzee akainuka taratibu, akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Nina swali moja kwa Mwalimu. Andiko hili lilikuwepo siku ile mliponiita, au limeongezwa juzi?"

Hapo jumuiya ilivunjika. Sadaka ilikusanywa watu wakijifuta machozi, na mwinjilisti alifunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Mama watoto hakunisemesha mpaka wageni walipokwisha. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mimi ndiye niliyekuonyesha, kabla hatujaoana?"

Mwezi wa kwanza nikarudi kazini, na masharti. Miwani imefungwa kamba, iko shingoni hata nikilala. Kabla ya kutuma, mama watoto anakagua. Ndiyo, anaamka saa 11, na sasa ni yeye anayesema niharakishe. Andiko la kwanza nililituma kwa kitinda mimba peke yake, nikaligonga tarakimu moja moja: Waefeso 5:18. "Tena msilewe kwa mvinyo." Nikaongeza, "Hili ndilo. Lile futa."

Hazikupita dakika mbili, simu ikalia.

"1 Timotheo 5:23, Baba."

Nikafungua. Paulo anamwambia Timotheo asinywe maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Nikamsomea mama watoto. Akacheka mpaka akakaa kitandani.

"Tumbo linamsumbua tangu lini?" nikamuuliza.

"Halimsumbui," akasema. "Lakini ona, saa 11 alfajiri mtoto wako yuko kwenye Timotheo."

Nikavaa miwani vizuri, nikaanza kutafuta la kumjibu. Mpaka chai inaiva nilikuwa bado natafuta.