Mifupa 26 na Yote Ina Malalamiko

Jumatatu niliingia ofisini na soli moja mkononi. Ya pili niliiacha Likoni, na sikuiacha kwa kupenda. Nilikuwa nateremka ule mteremko wa feri, mbele yangu mkokoteni wa madafu, nyuma yangu umati mzima wa watu waliochelewa kazini, mara nikahisi mguu wa kulia umekuwa mwepesi. Mtu wa miaka 48 hawi mwepesi ghafla bila sababu. Kuangalia nyuma, soli imelala pale chini kama kipande cha boflo la juzi na watu wanairuka. Nirudi niiokote? Thubutu! Pale Likoni saa moja asubuhi ukigeuka kinyume na watu utabebwa hadi ng'ambo miguu haigusi ardhi. Ya kushoto ilivumilia mpaka Mapembeni, ndipo nayo ikaniaga. Hiyo niliiokota.

Kinachoniuma si soli. Kinachoniuma ni kwamba viatu vilikuwa vipya, yakhe. Nilivinunua kwa harusi ya shemeji yangu, nikavivaa siku hiyo moja, nikavifuta, nikavirudisha kwenye boksi pamoja na karatasi zake, boksi likapanda juu ya kabati. Miaka sita. Mama Swaleh akivipangusa vumbi kila Ramadhani kama vyombo vya wageni. Vya kila siku vilipotoboka nikajipiga kifua: si nina vyengine?

Nikaenda kwa fundi wangu wa viatu, mzee mmoja anayekaa chini ya mwarobaini na haongei bila sababu. Akaifinya ile soli kwa vidole viwili, ikamomonyoka kama kashata.

"Hivi ulivitunza?"

"Nilivitunza sana, mzee wangu."

"Basi ulivitunzia kaburi."

Akanieleza kwamba soli nyingi za siku hizi, hizi nyepesi zinazobonyea, ni povu la poliyurethani, na adui wa povu hilo ni unyevu. Unyevu unaingia pole pole, unalivunjavunja kwa ndani, kiatu kiko zake kwenye boksi hakijakanyaga hata sisimizi. Nje kinang'aa, ndani kishakuwa unga. Sasa fikiria hewa ya Mombasa, hewa ambayo hata chumvi mezani inalia maji, wewe unaihifadhia kiatu miaka sita! Ukikivaa kitaisha. Usipokivaa kitaisha. Nikamuuliza mzee, sasa mtu afanyeje? Akaniambia nimpishe mteja.

Ningekuwa mtu wa kukaa kitini nisingelalamika. Lakini mimi ni tarishi wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Walituambia kompyuta zikija karatasi zitakwisha. Kompyuta zimekuja, karatasi zimezaana, na zote hupitia kwapani mwangu. Asubuhi nashuka feri naupanda mlima hadi ofisini, kutoka ofisini nakwenda Kilindini, kutoka Kilindini nakwenda Shimanzi kwenye magodauni, nikifika Shimanzi napigiwa simu kwamba mhuri umepigwa pasipopaswa, nirudi Kilindini. Mpwa wangu aliniwekea kitu kwenye simu kinachohesabu hatua. Saa saba mchana simu ikatetemeka, ikanirushia maua na rangi, ati hongera, umetimiza hatua 10,000. Nilikuwa nimebakisha Shimanzi mara mbili. Halafu nikaja kusikia kwamba hizo 10,000 hata si daktari aliyezipima. Zilipata umaarufu Japani mwaka 1965, kwa kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake, manpo-kei, maana yake ndiyo hiyo hiyo, kipimo cha hatua 10,000. Yaani ni biashara ya mtu. Wenzetu wanunua mashine iwahimize kutembea, mimi natafuta mashine ya kunihurumia.

Basi nikatangaza nyumbani kwamba natafuta viatu. Kosa langu la kwanza. Kila mwenye miguu ni mtaalamu.

Mama Swaleh akasema nivae makubadhi, babu zetu wote walivaa makubadhi. Ni kweli, na mimi mguu wangu kwenye makubadhi hustarehe kama sultani, lakini bosi wangu ameshasema tarishi ni uso wa kampuni na uso hauonyeshi vidole. Jirani akasema akala, gurudumu la gari halishindwi na mtu. Nami nikamuuliza, umeona gurudumu likitembea bila upepo ndani? Maskani nako mazungumzo ya viatu yaligeuka kesi kuhusu Bata. Mmoja anaapa ni kampuni ya Limuru, mwengine anasema ni ya Kizungu, wa tatu anauliza kwani bata si ndege? Nikawaambia ilianzia mji wa Zlín, kule Cheki, mwaka 1894, na Limuru ni kiwanda chake tu. Wakanitazama kama niliyewauza. Yule wa Limuru mpaka leo kahawa hanipi mkono kwa mkono, huniwekea kwenye benchi.

Aliyenisaidia kweli ni mpwa wangu, anayesomea uuguzi. Tatizo la mtu anayesomea uuguzi ni kwamba hakupi jibu kabla hajakupa somo. Akanikalisha, akanishika mguu, akaniambia: mjomba, mguu mmoja una mifupa 26. Miwili, 52. Na mwili mzima wa mtu mzima una 206. Nikapiga hesabu pale pale. Kumbe robo ya mifupa yangu yote iko chini ya vifundo vya miguu, huko huko inakokanyagwa na mikokoteni ya Likoni! Na kwa miaka yote hii mimi nilikuwa nanunulia kichwa kofia.

Akakataa kunipima asubuhi. Ati miguu hufura kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa joto, kwa hivyo kiatu kinachokaa vizuri saa mbili asubuhi kitakuwa pingu ifikapo alasiri. Akanipima jioni, nimerudi kazini, miguu imefura kama mahamri kwenye mafuta. Nikasimama juu ya karatasi na yeye akazunguka mguu kwa penseli. Kwa bahati mbaya mama mkwe alikuwa ametutembelea. Akachungulia mlangoni, akaona mkwewe amesimama kimya na kijana ameinama anachora unyayo wake.

"Auzubillahi! Mwanangu, nyayo za mtu hazichukuliwi hivyo!"

Ilituchukua nusu saa kumtuliza na hakuondoka mpaka aione ile karatasi ikichanwa. Tulimchania nyengine.

Matokeo ya kipimo sasa. Mguu wa kushoto, 42. Mguu wa kulia, 43. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mpwa wangu anasema hakuna ajabu, watu wengi mguu mmoja humzidi mwenzake. Hizi namba za Ulaya hupanda kwa thuluthi mbili za sentimita, hivyo mguu wangu wa kulia umemtangulia mwenzake kwa karibu milimita 7. Nikaelewa kwa nini maisha yangu yote mguu wa kulia una malengelenge na wa kushoto unaogelea. Dawa yake? Nunua kwa kipimo cha mguu mkubwa, mdogo utiliwe soli ya ndani. Rahisi kusema.

Nikaenda duka moja la mjini lenye kioo na baridi. Mpwa alikuwa ameniagiza mambo: kiatu kikunjike pale vidole vinapoanzia, kisikunjike katikati kama chapati; kisigino ukikibonyeza kisibonyee; mbele ya kidole kirefu zaidi pabaki upana wa kidole gumba; na ukikisokota kama unakamua nguo kisikubali kwa urahisi. Nikaanza mtihani. Nikakunja. Nikabonyeza. Nilipofika kwenye kusokota, kijana wa dukani akanishika mkono.

"Mzee wangu, unanunua ama unapigana?"

Nikavaa 43. Wa kulia, wallahi, sawa. Lakini upana! Vidole vilibanana mle ndani kama abiria wa matatu ya Kisauni siku ya mvua. Nikamwambia kinabana ubavuni. Akatabasamu, akatoa lile neno ambalo kila muuza viatu duniani amefundishwa na mama yake: "Kitatanuka tu." Kitatanuka! Ngozi ya ng'ombe naijua, hukubali kidogo ubavuni, ila urefu hautoki pengine. Hiki kilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya ng'ombe. Kitakachotanuka pale ni mimi. Na bei ni shilingi 4,500. Nikamrudishia kwa heshima, nikatoka kwenye baridi nikaingia kwenye jua, na jua likanisamehe.

Jumamosi, Kongowea. Sasa Kongowea si soko la kwenda na miguu inayouma, lakini ungekuwa na miguu isiyouma ungekwenda kutafuta nini? Viatu vya mtumba vimemwagwa chini juu ya maturubali, vimefungwa wawili wawili kwa kamba, na wauzaji wanaimba. Kijana mmoja akaniita: "Mzazi! Njoo uone kamera!" Mara ya kwanza nilipolisikia hili neno miaka ile, nilitafuta kamera kweli. Kumbe wenyewe wakifungua robota, kile kilicho bora kabisa ndicho kamera, na yale mabaki ya mwisho yanayouzwa kwa bei ya kufagia huitwa fagia. Mimi umri wangu na mshahara wangu viko baina ya hapo.

Akanionyesha raba nyeusi tii. Nyeusi juu, nyeusi soli, ukiwa mbali utadhani kiatu cha ofisini, na bosi wangu macho yake ni ya mbali. Nikakunja, kikakunjika vidoleni. Kisigino kigumu. Nikasokota, kikagoma. Soli niliifinya kwa nguvu zote kama fundi, haikumomonyoka. Elfu na mia nane, anasema. Nikakaa juu ya ndoo yake, nikavaa wa kushoto. Ukaingia kama mkono kwenye mfuko wako mwenyewe. Nikavaa wa kulia, nikangoja kufinywa. Haukunifinya. Nikasimama. Nikaenda hatua tano, nikarudi. Hakuna kinachoogelea, hakuna kinacholia. Nikashuku. Nikavivua polepole, nikachungulia kwenye ulimi wa kiatu. Cha kushoto, 42. Cha kulia, 43.

Moyo wangu ulipiga chakacha, lakini uso nikaukunja. Miaka 48 nimeishi Mombasa, bei naijua inavyozungumzwa.

"Kijana. Wataka kuniuzia viatu vya watu wawili?"

Akavitazama. Akavigeuza. Jasho likamtoka. Akasema mzazi, hapo ni wa Ulaya waliokosea, si mimi. Nikamwambia mimi nitakwenda wapi na viatu ndugu wa mama tofauti. Akashuka hadi elfu. Nikalalamika. Akashuka hadi mia nane. Nikamuuliza kama ana watoto, kama angemvisha babake hivi. Tukamaliza kwa mia sita na akanipa pole juu. Nililalamika njia nzima mpaka nilipopotea machoni mwake. Kule Ulaya, nina hakika, kuna mtu alibakiwa na 43 ya kushoto na 42 ya kulia, na mpaka leo anachechemea na hajui kwa nini. Mungu amsahilishie.

Lilibaki jambo moja, kamba. Mpwa anazipenda, ati zinaushika mguu usiteleze ndani. Sawa, lakini hayo ni ya watu wanaovaa kiatu asubuhi na kukivua usiku. Sisi huku kuvaa na kuvua ndiyo kazi yenyewe. Msikitini adhuhuri, msikitini alasiri, ofisi ya mteja mmoja ana zulia lake la mkeka hataki likanyagwe, umepita kumjulia mgonjwa hali unavua, umefika nyumbani unavua, umetumwa dukani unavaa. Jumatatu ile nilihesabu mara tisa. Mara tisa kuinama na mgongo huu! Nikarudi kwa yule fundi wa mwarobaini, akatoa kamba akapitisha lastiki nyeusi. Sasa nachomeka mguu kama natia barua kwenye sanduku. Hamsini tu, na safari hii alinijibu salamu.

Wiki nzima nimetembea. Kilindini, Shimanzi, Kilindini. Simu inanirushia maua, mimi naitazama tu.

Ijumaa nikatoka msikitini baada ya sala, nikatazama nilipoviacha. Hapana kitu. Nikasimama pale na soksi juu ya saruji ya saa saba, inachoma kama karai, naangalia miguu ya watu mmoja mmoja mpaka uwanja ukabaki mtupu na jozi moja ya raba nyeusi isiyo na mwenyewe. Si zangu, ziko kama zangu, ila zina kamba.

Ghafla nikamwona mtu wa makamo anarudi kutoka kona ya barabara. Anakuja upande upande kama kaa, anachechemea, ameshika ukuta. Miguuni viatu vyangu.

"Yakhe, nisamehe sana," akasema akihema. "Nimevaa nikidhani ni vyangu. Alhamdulillahi ni vyako! Mguu wa kushoto ulinibana ghafla, nikasema umefura, hii sasa ndiyo sukari. Nilikuwa njiani nakwenda hospitali."

Nikavichomeka mguuni, lastiki ikajibana taratibu. Nikampa pole, nikamwambia hata hivyo apunguze haluwa.