Simba wa kwenye kadi au nyungunyungu wa chini ya jiwe: mtoto aanzie wapi?

Watoto wa miaka 3 hadi 7 hufundishwa wanyamapori na makazi yao kwa kadi, takriban popote uendapo. Kushoto kuna simba, tembo, ngamia, pengwini na dubu wa barafu. Kulia kuna nyika, msitu, jangwa na bahari. Mtoto huchora mstari, mwalimu hutia tiki. Wapo wanaoona njia hii inatosha, na wapo wanaoona ni kupoteza muda, kwamba mtoto angetolewa nje tu akainuliwe jiwe aone kinachoishi chini yake.

Wenye kadi wana hoja isiyopingika kirahisi: hamu. Mtoto wa miaka 4 huja darasani akiwa tayari ameshampenda simba, na mwalimu anayeanza na kitu kinachopendwa ameokoa nusu ya kazi. Hoja yao nyingine ni nzito zaidi. Mahali penye ukali wa kupindukia, mwili wa mnyama husomeka waziwazi. Dubu wa barafu ana manyoya mazito, na tabaka la mafuta chini ya ngozi yake huweza kufikia unene wa sentimita 10. Mtoto hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba huyu ameumbwa kwa baridi.

Tena jambo hilo linaweza kujaribiwa mezani. Chukua mifuko 4 ya plastiki isiyovuja, inayoingia mkono wa mtoto. Tia gramu 500 hivi za mafuta ya kupikia yaliyoganda ndani ya mmoja, ingiza wa pili ndani yake, yasambaze mafuta yauzunguke mfuko wa ndani pande zote, kisha ziba midomo yote miwili pamoja kwa selotepu. Mifuko miwili iliyobaki ingizwe mmoja ndani ya mwingine hivyo hivyo, bila mafuta. Mtoto atumbukize mkono mmoja huku na mwingine kule, katika beseni la maji yenye vipande vya barafu, kwa sekunde 30. Wengi huiruka ile jozi isiyo na mafuta, wakalinganisha mkono uliokingwa na mkono mtupu. Hapo hakuna ajuaye kama kilichozuia baridi ni mafuta au ni plastiki na hewa iliyobaki katikati. Kosa jingine ni kuacha mafuta yajikusanye kwenye kiganja. Ncha za vidole zikikosa mafuta mtoto atalalamika kuwa baridi inapita, na atakuwa sahihi.

Lakini ni wangapi wanaofika kwenye beseni? Kadi peke yake hufundisha anwani. Mtoto hujua nani anakaa wapi kama anavyojua namba ya nyumba, wala hajui kwa nini. Na anwani zenyewe mara nyingi zimekosewa. Picha za pengwini na dubu wa barafu kwenye siwa moja la barafu zimejaa, ilhali dubu huyo yupo kaskazini ya dunia tu, na pengwini karibu wote wako kusini ya ikweta. Simba huitwa mfalme wa msituni, wakati wengi wao wako kwenye nyika zenye nyasi na miti ya hapa na pale. Ngamia huelezwa kuwa amebeba maji nunduni, ni mafuta. Chura ndiye anayeiumbua kadi kabisa, maana akiwa kiluwiluwi hupumua kwa matamvua majini, akikua hutembea nchi kavu. Mstari mmoja haumtoshi.

Kiswahili nacho kinatutegea mtego. Neno makazi humpeleka mtoto kwenye nyumba: kuta, paa, mlango. Ndiyo maana ukimuuliza makazi ya ndege atajibu kiota, na vitabu vingine humkubalia. Kiota ni pa kutagia mayai na kulelea makinda. Ndege wengi hukiacha makinda yakishapata mbawa. Makazi ni eneo zima linalompa mnyama chakula, maji, mahali pa kujificha na nafasi ya kuzaa. Mwalimu asipoyataja hayo manne, neno lenyewe litafundisha uongo.

Hapo ndipo wenye jiwe wanapopata nguvu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Science uligundua kuwa watoto wa miaka 8 walitambua viumbe wa kubuni wa Pokémon vizuri kuliko wanyama na mimea ya kawaida ya nchi yao. Uwezo wa kukariri majina basi wanao tele, wanakosa kukutanishwa. Na kiumbe wa karibu anaweza kuulizwa swali akajibu mwenyewe.

Chukua nyungunyungu 5 na trei iliyotandikwa karatasi laini yenye unyevu. Funika nusu ya trei kwa kadibodi, waweke mstari wa katikati, subiri dakika 5, hesabu. Zungusha trei, upande wa kulia uje kushoto, na urudie, isije ikawa walikuwa wanafuata mteremko wa meza. Siku nyingine giza liwe pande zote, ila nusu ya karatasi iwe kavu. Anayebadilisha giza na unyevu kwa pamoja hupata matokeo mazuri ya kutazama ambayo hayaelezi chochote. Usizidishe dakika 5, kwa sababu nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakosa hewa. Sababu hiyo hiyo ndiyo somo lenyewe: yuko chini ya jiwe kwa kuwa juu ya jiwe angekufa. Warudishwe walipotolewa, jiwe lilazwe kama lilivyokuwa, mikono ioshwe kwa sabuni. Konokono ni afadhali watazamwe bila kushikwa, kwani baadhi hubeba minyoo inayodhuru binadamu.

Hata hivyo wenye jiwe hujisifu kupita kiasi. Jiwe halina ratiba. Wiki ya ukame huinuliwa kumi na chini hamna kitu. Tena katika lugha ya kila siku mnyama ni mwenye miguu minne, na vingine vyote hutupwa kwenye kapu la mdudu. Mtoto aliyeahidiwa wanyama kisha akapewa nyungunyungu huona amepunjwa, na kumwambia kwamba kisayansi huyo pia ni mnyama hakumfuti machozi. Zaidi ya hapo, uani hakuna baridi ya kutisha wala kiu ya jangwa. Mtoto aliyebaki hapo atadhani kila mahali pana unyevu wa kutosha ukijua pa kuuchimba.

Kwa maoni yetu, wazo la makazi lizaliwe kwenye trei, kisha lipelekwe kwenye kadi. Anayejua kwa nini nyungunyungu alikimbilia giza ana swali la kumuuliza ngamia; anayejua tu kuwa ngamia ni wa jangwani hana la kumuuliza nyungunyungu. Ila kwa miaka 3 na 4 tungelegeza: jaribio moja, badiliko moja, na simba abaki ukutani, mradi mchoraji asimvishe suruali. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto waliosomewa vitabu vya wanyama wenye tabia za kibinadamu walijifunza kweli chache kuhusu wanyama hao, wakaelekea zaidi kuwapa fikra za watu.

Kupima nako kubadilike. Badala ya kuunganisha mistari, mwonyeshe mtoto mnyama asiyemjua, tuseme feneki, yule mbweha mdogo wa Sahara mwenye masikio makubwa na nyayo zenye manyoya, umuulize anadhani anaishi wapi na amejuaje. Mwalimu huwa anasubiri asikie kwamba masikio hupunguza joto la mwili. Mtoto akisema ni ya kusikilizia chakula kinachotembea chini ya mchanga, apewe alama zote, kwa maana feneki hufanya hivyo pia.