Mwalimu Anayesikia Kidole Gumba

Nilimwendea mwalimu anisaidie kunyoosha wimbo mmoja tu, naye akaninyang'anya nyimbo zote. Kwa miaka mingi nimepiga fidla kwa namna niliyojifunza mwenyewe, nimepigiwa makofi katika sherehe za jamaa, na hakuna aliyewahi kuniuliza kiwiko changu kiko wapi. Mwalimu huyu, kijana ambaye ningeweza kumzaa na kumsomesha, alisikiliza kama nusu ukurasa, akainua mkono kwa adabu kubwa, akasema, “Mzee, tuanzie kwenye uzi mtupu.”

Uzi mtupu, kwa asiyeijua adhabu hiyo, ni kuvuta upinde bila kuweka hata kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Fidla ina nyuzi nne, G, D, A na E, na mimi nimekabidhiwa A, ambayo hutetema mara 440 kwa sekunde. Nyumbani kwangu sasa hakuna asiyeifahamu. Natakiwa kuuvuta upinde kutoka kwenye kishikio hadi kwenye ncha, polepole, nao ukae sambamba na kidaraja, kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi, muda wote. Jambo hilo huonekana jepesi mpaka mtu akumbuke kwamba mkono wa binadamu umefungwa begani na hupenda kuzunguka kama mlango, hivyo ili upinde uende sawa ni lazima kiwiko kifunguke, kifundo cha mkono kilegee, na vidole vijikunje na kujikunjua, huku uso ukionyesha utulivu. Upinde wenyewe una uzito wa gramu 60 hivi. Sijawahi kushika kitu chepesi kilichonichosha namna hii.

Hayo yote ningeyavumilia kama si kidole gumba cha mkono wa kulia. Kinatakiwa kikunjike kidogo, kikabiliane na kidole cha kati, na kiushike upinde bila kuubana. Changu hutii kwa muda mfupi, kisha hunyooka na kukakamaa. Kikikakamaa, kifundo nacho hufunga, na sauti hukwaruza. Nilidhani mwalimu hukiona. Kumbe hukisikia. Siku moja alikuwa amenipa mgongo, anachonga penseli dirishani, nami nikaona hiyo ndiyo fursa ya kukiacha kijinyooshee. Hakugeuka. “Mzee, gumba,” akasema, akaendelea kuchonga.

Nikajaribu kumshinda kwa historia. Alikuwa amenilaumu kwamba naibana fidla kwa kidevu mpaka mishipa ya shingo inatokeza, nami nikamweleza, kwa ufasaha ambao nadhani ulistahili heshima, kwamba kile kibao cha kuwekea kidevu kilibuniwa na Mjerumani Louis Spohr karibu na mwaka 1820, ilhali fidla imepigwa tangu karne ya 16. Basi lawama apelekewe Spohr, shingo yangu iachwe. Mwalimu alifurahi sana. Akakifungua kile kibao, akakitia mfukoni, akaniagiza nipige skeli, yaani ngazi ya sauti za kupanda na kushuka. Kupanda nilipanda vizuri. Wakati wa kushuka, mkono wa kushoto uliporudi kuelekea kichwa cha fidla, fidla nayo iliufuata, nikaidaka ikiwa usawa wa tumbo.

Wala siwezi kumkimbia. Nimejaribu kwa siri kuurudia ule mtindo wangu wa zamani uliopigiwa makofi, nikakuta nao umeharibika: vidole havikumbuki tena vilivyokuwa vikifanya, na utaratibu mpya haujafika. Mtoto mwenye zamu baada yangu hana taabu hiyo, kwa kuwa gumba lake lilifundishwa kabla halijawa na maoni yake.

Juzi mwalimu alitabasamu. Akasema mkono wa kulia sasa unaanza kuridhisha, na kwa hiyo wiki ijayo tutaanza kuubomoa wa kushoto. Ada ya wiki hiyo nimekwisha kuilipa.