Ngazi Imekamatwa, Fundi Yuko Juu

Mama alichoka na makuti. Unaezeka, masika chache zinapita, unatafuta mengine, na siku hizi makuti yenyewe bei juu. Nikamwahidi mabati. Geji 30, si yale ya 32 ambayo embe likianguka linaacha alama.

Shida ikawa kibali. Kwetu ni Pwani ya Kenya, ndani kabisa, ambako watu wameezeka tangu enzi za mababu bila kumuuliza mtu. Lakini Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka upate ruhusa ya kaunti kabla hujaanza ujenzi. Sasa kutoa makuti ukaweka bati, huo ni ujenzi au ni kuziba tundu? Ofisini kila meza ilinipa jibu lake. Meza ya mwisho ikanipa fomu: mchoro wenye muhuri wa msanifu, kina cha msingi, mahali pa kuegesha magari. Nyumba yenyewe ni ya miti na udongo, marehemu Baba aliipima kwa hatua. Nilipomsomea Mama habari ya magari akasema, "Andika pale kwa mbuzi."

Nikapeleka hivyo hivyo. Sheria hiyohiyo inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, ruhusa ihesabiwe imetolewa. Mimi nikawa nasubiri zangu Mombasa. Kumbe huku nyuma Mama na binamu yangu, fundi wa ukoo, wameona mawingu wakaamua kaunti itawakuta mbele ya safari. Makuti yakang'olewa yote, majirani wakayabeba ya kuwashia moto.

Nafika nyumbani, Binamu ameshapiga bati chache upande wa chumba cha Mama, na gari la kaunti liko mlangoni. Nani aliwapigia simu sijui, ingawa jirani mmoja alikuwa uani anakunywa chai kwa starehe isiyo ya kawaida.

Afisa alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo Mama. Kibali kiko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kinakuja."

Akaamuru vifaa vikamatwe. Askari wakapakia msumeno, nyundo, ndoo ya misumari, na ngazi. Ngazi ndiyo hiyo moja. Binamu akabaki juu ya boriti miguu inaning'inia, na goti lake bovu halimruhusu kuruka hata mtaro.

"Shuka uandikishe jina," afisa akamwambia.

"Nishuke na nini, bosi?"

Hapo mvua ikashuka, bila hata rasharasha ya kubisha hodi. Sote mbio ndani, na pakavu ni pamoja tu: kitandani kwa Mama, chini ya zile bati haramu. Afisa, askari wawili, Mama, mimi, jirani na kikombe chake. Tone likamdondokea afisa shingoni. Akasogea, akakuta jingine.

"Fundi! Hapa hujapiga msumari!"

"Nyundo si mmekamata?"

Afisa akamtazama askari. Askari akatoka mvuani, akarudi na misumari ndani ya kofia, akamrushia Binamu na nyundo. Ko, ko, ko. Tone likakatika.

"Na huku kwa bwana askari," Mama akaelekeza, kama msimamizi wa mjengo.

Mvua ilipopusa, afisa akaandika notisi ya kusimamisha ujenzi, kwa heshima zote, karatasi kaiweka gotini, mwenyewe bado yuko kitandani. Akataka ibandikwe kwenye jengo. Mama akamwomba aibandike ndani, maana nje itaroa. Wakaagana vizuri, wakaondoka na papai ambalo Mama alisisitiza si hongo.

Gari lilikuwa limeshapita msikitini, ngazi inachungulia nyuma, tuliposikia mtu anakohoa juu ya vichwa vyetu.

"Basi nirushieni kamba," Binamu akasema. "Na hizo bati zilizobaki mzifunge vizuri. Kama sina pa kushukia, nikae bure huku nifanye nini?"