Ndiyo, kuna kipande cha virusi kwenye muhogo huo

"Wametia virusi kwenye muhogo." Maneno hayo yamerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, na muhogo unaosemwa ni 4046, uliobadilishwa jeni ili uhimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Na kama kawaida, wanaoijua kazi hii wamenyamaza au wamejibu kwa lugha ya semina. Basi nijibu mimi: ndiyo, kuna kipande cha virusi. Tena kimewekwa makusudi.

Ila anayeogopa kula virusi vya muhogo amechelewa mno. Ng'oa shina lenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Juu majani ni mabichi, labda yale ya chini yana umanjano kandokando ya mishipa. Kata mzizi sasa: ndani mna mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Mpishi anayachonga na kuyatupa, kinachobaki kinaingia chunguni, nacho kina virusi vizima, gamba na vyote vyake. Watu wa Pwani wamevila miaka yote, kwa kuwa ni virusi vya mmea na havina shughuli na binadamu. Mtafiti Storey aliuandika ugonjwa huu akiwa Amani, Usambara, mwaka 1936. Hasara yake tangu hapo ni ya shambani: mkulima anapalilia mwaka mzima, anachimba, anakuta uozo.

Sasa 4046, muhogo wa taasisi za utafiti wa kilimo KALRO ya Kenya na NARO ya Uganda pamoja na kituo cha utafiti wa mimea cha Danforth cha Marekani, umetiwa nini? Virusi hivi vina uzi wa RNA, kemikali inayobeba maelezo ya urithi, wa herufi karibu 9,000. Watafiti walichukua sehemu inayobeba maelezo ya gamba kutoka kwa kila kimoja cha virusi viwili vinavyoleta ugonjwa, wakaziunganisha, kisha wakaziweka mara mbili: nakala moja imesimama, ya pili imepinduliwa kichwa chini. Ujanja wote uko hapo. Seli inaponakili maandishi hayo, RNA inajikunja na kujishika yenyewe kama pini ya nywele. Seli ya mmea haiiamini RNA yenye nyuzi mbili, kwake hiyo ni dalili ya uvamizi. Kimeng'enya kiitwacho Dicer kinaikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24, na kila kipande kinakuwa picha ya mtuhumiwa: RNA yoyote inayofanana nacho ikiingia, inakatwa. Nzi weupe wanapoleta virusi, wanakuta picha zimeshabandikwa kila mlango. Gamba lenyewe halitengenezwi. Hakuna virusi vinavyozaliwa humo.

Linganisha na chanjo ya homa ya ini B. Tangu 1986 tunatumia hamira iliyotiwa jeni ya virusi, na hamira hiyo inatengeneza protini ya virusi kwelikweli, ndiyo inayodungwa kwenye paja la mtoto kliniki. Insulini ya bakteria ina umri mkubwa zaidi, tangu 1982. Huko hakuna anayerekodi sauti ya kilio.

Protini mpya iliyokusudiwa kwenye 4046 ni moja, ya jeni ya nptII, inayosaidia maabara kuchuja seli zilizopokea jeni na zisizopokea. Wapinzani wakiishika hiyo nitawapa nusu pointi. Ina historia ndefu na haijaleta balaa, lakini shambani haina kazi yoyote, na mlaji ana haki ya kuambiwa bila kuzungushwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kelele hizi zinafunika kosa lililotokea kweli. Huwezi kudunga jeni kwenye shina la muhogo likakubali. Unaanza na vichipukizi vya majani machanga, unavilazimisha vitoe viini-tete, unavigeuza kuwa donge laini linalomomonyoka kama unga uliolowa, unalichanganya na Agrobacterium, kisha unalilea juu ya dawa inayoua seli zisizo na jeni, hadi machipukizi yatoke tena. (Agrobacterium, kwa taarifa ya wanaoshtuka, ni bakteria wa udongoni ambaye kuhamisha jeni ni kazi yake ya asili. Alishaacha jeni zake kwenye viazi vitamu zamani sana, jambo lililotangazwa 2015, na futari haijasimama.) Watafiti walichagua aina ya TME 204 kwa sababu inahimili batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo. Ilipopita kwenye donge lile, uhimili wa batobato ukapotea! Hata mimea iliyopitishwa humo bila kutiwa jeni yoyote iliupoteza. Kwa hiyo kosa ni la malezi ya maabara, halikutoka kwenye jeni iliyoongezwa. Lakini mkulima atafanya nini na muhogo unaoshinda michirizi halafu unadumaa kwa batobato?

Dawa yake ni kupandisha 4046 na aina za wakulima zenye uhimili wao. Jeni inarithiwa na nusu ya miche, sawa. Shida ni kwamba kila mbegu ya muhogo inatoa mche wa tabia yake: mmoja mtamu, mwingine mchungu, mwingine mizizi kama kamba. Unapima mamia ili ubaki na wachache. Tena idhini ya Juni 2021 nchini Kenya ilikuwa ya kutoka kwenye uzio wa vituo vya majaribio kama Mtwapa na Alupe kwenda majaribio ya kitaifa, wala si ya kupeleka sokoni.

Kuhusu madai kwamba mkulima atakuwa mtumwa wa makampuni ya mbegu: muhogo hupandwa kwa pingili. Unakata, unampa jirani, mchezo umekwisha.

Swali ambalo halijarekodiwa kwenye sauti yoyote ni la pingili hizo hizo. Shina moja linatoa kama 10 kwa msimu, na hekta moja kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja inataka 10,000. Kutoka shina moja safi hadi hekta moja ni misimu minne, ikiwa batobato haijapita. Na pingili ya 4046 ukiishika mkononi inafanana na ya TME 204 ya kawaida hadi kwenye kovu la jani. Kuzitenganisha kunahitaji kipimo cha maabara, na muuza pingili kando ya barabara hana maabara.