Sachi ya Ardhi Bila Sachi ya Kesi ni Nusu ya Kazi

Katika Kaunti ya Nakuru, anayetaka kununua ploti huambiwa jambo moja na kila mtu, kuanzia wakala hadi mchungaji wake: fanya sachi, yaani uchunguzi wa rekodi za ardhi hiyo katika rejista, kabla hujatoa pesa. Ushauri huo ni mzuri, na mimi mwenyewe huutoa. Kinachonisumbua ni kwamba siku hizi watu hawaongezi lolote juu yake. Mnunuzi akishapata cheti cha sachi kutoka kwa msajili wa ardhi, akaona jina la muuzaji limeandikwa pale, huhesabu kwamba amemaliza, ilhali shamba lile lile linaweza kuwa linagombaniwa mahakamani wiki ile ile na cheti kisiseme neno. Maoni yangu ni kwamba rekodi za ardhi na rekodi za mahakama hazina budi kusomwa pamoja, na kwamba mzigo wa kuziunganisha ni wa serikali, wala si wa mama anayenunua robo ekari kwa akiba ya chama.

Tuanze na kile cheti. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinampa haki mtu anayehitaji sachi rasmi kupewa maelezo yaliyomo katika rejista, pamoja na nakala zilizoidhinishwa za hati na ramani zilizowekwa humo. Hakisemi kwamba lazima awe mwenye ardhi au jamaa yake. Hata hivyo, kwenye kaunta utaombwa mara nyingi nakala ya hatimiliki, pamoja na kitambulisho chako na pini ya kodi, na nakala hiyo kwa kawaida anayo muuzaji. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kumchunguza muuzaji hulazimika kwanza kumwomba muuzaji huyo huyo amwezeshe kumchunguza.

Cheti chenyewe kina sehemu tatu. Sehemu A hueleza ardhi: ukubwa wake wa makadirio, namba ya karatasi ya ramani, na kama umiliki ni kamili au ni wa kukodi kwa miaka maalumu. Sehemu B humtaja mwenye ardhi na tarehe ambayo jina lake liliandikwa. Sehemu C ni ya mizigo iliyo juu ya ardhi, kama vile rehani ya benki, kosheni, yaani tahadhari, iliyowekwa na mtu anayedai haki fulani, au amri ya mahakama inayozuia isiuzwe. Wengi niliowahi kusoma nao cheti hiki hulitafuta jina katika Sehemu B, hushuka hadi Sehemu C, na wakikuta hapana kitu wanaanza kuzungumzia bei. Mimi huwarudisha kwenye tarehe. Mtu anayesema amelima shamba lake la Njoro tangu ujana wake, lakini jina lake likaingia katika rejista miezi mitatu iliyopita, anapaswa kujieleza kabla ya kupokea hata shilingi moja. Huenda ni mirathi iliyochelewa, na mirathi kwetu huchelewa sana. Huenda pia ni jambo jingine. Cheti hakitakuambia ni lipi, kwa sababu huonyesha hali ya leo tu. Ukitaka kujua ardhi ilipitia mikono ya nani, itakubidi uombe nakala iliyoidhinishwa ya kadi ya kijani, ambayo ndiyo ukurasa wa rejista wenye maingizo yote tangu ulipofunguliwa.

Historia hiyo ina uzito wa pekee katika eneo hili. Sehemu kubwa ya mashamba ya Nakuru ilikuwa ya walowezi, na baada ya uhuru mengi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika ambavyo wanachama wake walichanga hisa, kisha wakagawana vipande kwa kura. Mahali pengi watu walionyeshwa vipande vyao na kujenga miaka mingi kabla ya hatimiliki kutoka. Kwa hiyo mwenye cheti cha hisa, mwenye karatasi ya kura na mwenye hatimiliki wanaweza kuwa watu watatu tofauti, kila mmoja akiwa na karatasi halali machoni pake. Ongeza hapo ardhi ya umma iliyogawiwa watu binafsi kinyume cha utaratibu, suala lililochunguzwa na tume ya Ndung'u iliyoundwa mwaka 2003, na utaona kwa nini jina lililo katika Sehemu B si mwisho wa maneno.

Mahakama ya Juu imelisema hili bila kuzunguka. Tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kipande cha ardhi karibu na ufuo wa Nyali, iliamua kwamba kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, aliyeinunua baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Hatimiliki peke yake haimtoshi. Lazima chimbuko lake liwe safi. Wengi waliusoma uamuzi huo kama habari ya Mombasa na ya matajiri. Mimi naona unamgusa mno mwalimu anayenunua ploti Kiamunyi au Barut, kwa kuwa yeye hana wakili wa kumfuatilia chimbuko la hati hadi miaka ya themanini.

Ukivuka kuelekea Kisumu, Vihiga na Kakamega, shida huja kwa sura nyingine. Huko ardhi nyingi ni ya ukoo, na ilipopimwa na kuandikishwa mara ya kwanza, lilikuwa jambo la kawaida kuandikwa kwa jina la ndugu mmoja, mara nyingi mkubwa, kwa niaba ya wote. Mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amana ya kimila ya namna hiyo humfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa popote katika rejista. Sachi ya shamba kama hilo inaweza kuwa safi kabisa na bado ndugu watatu wakawa na haki ndani yake. Pengine wameshakwenda kortini kuidai, na hiyo ndiyo habari ambayo mnunuzi anaihitaji kuliko nyingine yoyote.

Je, mnunuzi ataipataje? Ipo njia moja nzuri ambayo haijulikani vya kutosha. Tovuti ya Kenya Law huchapisha bila malipo maamuzi ya mahakama zetu, yakiwamo ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina vituo Nakuru, Naivasha, Kisumu, Kakamega, Eldoret na kwingineko. Maamuzi ya ardhi hutaja namba ya shamba, hivyo ukiandika namba hiyo katika kisanduku cha kutafutia, unaweza kukutana na kesi nzima: nani alimshtaki nani, mashahidi walisema nini, hakimu au jaji aliamini upande upi. Iandike namba kwa namna zaidi ya moja, pamoja na neno la kitengo cha usajili na bila neno hilo, kwa sababu waandishi wa hukumu hawafuati mtindo mmoja. Kisha tafuta kwa jina la muuzaji, na usisahau kwamba jina moja la Kikalenjin au la Kiluhya linaweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Kwa ardhi iliyotoka kwa marehemu, angalia pia Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutangaza maombi ya mirathi na kuwapa wenye pingamizi siku 30; muuzaji anayekuambia baba yake alifariki na yeye ndiye mrithi, lakini hana hati ya usimamizi iliyothibitishwa na mahakama, hana uwezo wa kukuuzia ardhi hiyo, hata kama chifu anamfahamu.

Njia hiyo ina pengo kubwa. Kenya Law ina yaliyoamuliwa. Kesi iliyofunguliwa mwezi uliopita, ambayo bado haijatoa hata uamuzi mdogo, haimo, na hukumu nyingi za mahakimu, ambao pia husikiliza kesi za ardhi za thamani ndogo, hazifiki humo. Hapo itakubidi uende masjala ya mahakama. Nimewahi kumsindikiza shangazi yangu katika masjala moja ya eneo hili, akiwa ameshika namba ya shamba aliloonyeshwa. Karani alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, namba ya kesi ni ngapi?" Shangazi akajibu kwamba hajui, ndiyo maana amekuja. "Basi jina la mshtaki?" Hilo pia hakulijua. Karani hakuwa na ubaya wowote. Majalada yake yamepangwa kwa namba, mwaka na majina ya wahusika, na mtu anayekuja na namba ya shamba tu hana pa kuanzia. Angekuwa na namba ya kesi, angelipa ada ndogo na kuomba kupekua faili.

Wapo wanaosema kwamba rekodi zikiwa wazi zaidi, walaghai ndio watakaofaidika, kwa kuwa watajua shamba lipi ni la marehemu na lipi mwenyewe yuko ng'ambo. Hofu hiyo naielewa, lakini sidhani kwamba inasimama. Mlaghai wa ardhi katika nchi hii huwa na mtu wake wa ndani, naye hupata anachokitaka kabla mimi na wewe hatujafika kwenye foleni. Anayefungiwa nje ni mnunuzi mwaminifu. Faragha ina mahali pake: kesi za watoto huchapishwa kwa herufi za kwanza za majina, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatosha kuficha namba za vitambulisho na za simu. Ila kuwapo kwa mgogoro juu ya shamba fulani si siri ya mtu, hasa pale ambapo Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola.

Tena kazi yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Amri ya 4 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai tayari inamtaka anayefungua kesi kuhusu ardhi aieleze ardhi hiyo kiasi cha kuitambulisha. Tangu Machi 2024, ufunguzi wa kesi kwa njia ya mtandao umeenezwa katika mahakama kote nchini. Upande wa ardhi, mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi, unalenga kuziweka rejista zote kwenye kompyuta. Maana yake ni kwamba namba ya shamba inaingia mahakamani siku ya kwanza ya kesi, ikiwa imeandikwa na mshtaki mwenyewe. Kinachotakiwa ni kisanduku chake katika fomu ya kufungulia kesi, na taarifa iende kwa msajili ili Sehemu C ya cheti iseme kwamba kuna kesi, namba yake ni hii, na iko katika mahakama fulani. Isimzuie mtu kuuza. Hilo ni la jaji kuamua. Imjulishe mnunuzi tu. Na ifanywe sasa, wakati namba za ardhi zilizosajiliwa chini ya sheria za zamani zinabadilishwa kuwa mpya, kwa sababu hukumu ya mwaka 2009 inayotaja namba ya zamani haitapatikana na mtu anayetafuta kwa namba mpya, isipokuwa rejista ibebe zote mbili.