Mishri ni sukari jamani, acheni kuwadanganya wagonjwa

Jana mama kanipigia simu ana furaha kweli, eti kapata sukari ya watu wenye sukari. Duka moja la dawa za asili wamemuuzia mfuko wa mishri, yale mapande ya sukari ya Kihindi, wakamwambia hii haipandishi, tia kwenye chai unavyotaka. Katia wiki nzima. Asubuhi kajipima, kipimo cha sukari kimesoma 17, juu mno. Mama ana miaka 64, yuko kwenye dawa mwaka wa 9 sasa. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Mishri naijua mimi. Nimesoma Vadodara, Gujarat, huko India, miaka 3, kule wanaiita sakar na bibi mwenye nyumba, sote tulimwita Ba, hakukosa kopo lake jikoni. Inatengenezwa hivi: sukari inachemshwa na maji mpaka inakuwa shira nzito, wanatundika nyuzi humo, inaachwa ipoe taratibu siku kadhaa, chembe zinajishika kwenye uzi zinakua mpaka zinakuwa mawe. Ndo maana ukiitafuna unakutana na uzi kwenye meno. Sasa hapo sukari imeenda wapi? Imeganda tu. Ulimi unaona utamu mdogo kwa sababu pande linayeyuka polepole, lakini likishayeyuka kwenye chai ya moto damu inapokea sukari ileile, na mgonjwa anaongeza vijiko kwa kuwa kaambiwa ni salama.

Haya, kwenye dawa ipo, hilo nakubali. Sitopaladi, ule unga wa kikohozi wa Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, umepewa jina kutokana na mishri yenyewe: mishri mafungu 16, utomvu mkavu wa mianzi 8, pilipili ndefu 4, iliki 2, mdalasini 1. Zaidi ya nusu ni sukari na hakuna anayeficha! Koo likinikwaruza Ba alinitwangia mishri na pilipili manga, nikalamba, nikalala vizuri. Ila kikohozi ni kikohozi, kisukari ni kisukari.

Na pale baada ya kula, mishri na shamari kiganjani, mdomo unanukia, hiyo naipenda mpaka leo.

Ba mwenyewe alikuwa na sukari. Usiku wa Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, mungu wa Wahindu, saa 6 kamili anatengewa siagi nyeupe na mishri, halafu kila mtu anagawiwa. Ba alichukua chembe moja tu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiweka mdomoni kafumba macho. Zilizobaki akanimiminia mimi mkononi. Ilikuwa imetoka mbele ya Mungu wake na bado alijua ni sukari, sasa wewe muuzaji unamwambiaje mama yangu ajijazie kikombe?

Mama, ule mfuko uweke juu ya kabati. Jumamosi nakuja kuuchukua, na kipimo nataka kukiona kwa macho yangu.